Muhogo mbichi na salfa, makopa na yurea, au sileji: kipi kinamfaa mfugaji wa ng'ombe wa nyama magharibi mwa Kenya?

Mfugaji wa Busia, Siaya au Migori anayenenepesha madume wawili au watatu kwa ajili ya soko la Desemba huwa na muhogo shambani, na mara nyingi anao mwingi kuliko anavyoweza kuuza. Mwenzake wa Njoro au Rongai, upande wa Nakuru, hana muhogo, ila ana mabua ya mahindi, majani makavu ya ngano na maduka ya vyakula vya mifugo yaliyo karibu. Wote wawili husikia habari ileile: kwamba mizizi ya muhogo inaweza kuchukua nafasi ya mahindi katika lishe ya ng'ombe wa nyama, na kwamba salfa kidogo ikiongezwa, sumu ya muhogo haitamdhuru mnyama. Habari hiyo ina ukweli, lakini humfanya mtu adhani kwamba uamuzi ni kununua salfa au kutoinunua. Uamuzi ulio mkubwa zaidi ni namna muhogo utakavyoingia horini: ukiwa mbichi, ukiwa makopa (vipande vilivyokaushwa), au ukiwa sileji (uliovundikwa bila hewa). Hilo likishaamuliwa, kazi ya salfa hujulikana, na kazi hiyo si moja katika njia zote tatu.

Kinachotokea tumboni

Muhogo una kemikali mbili, linamarini na lotaustralini, ambazo hukaa ndani ya mzizi bila kumdhuru mtu mpaka mzizi ukatwe, usagwe au utafunwe. Hapo kimeng'enya kiitwacho linamarasi, kilichokuwa kimetengwa nazo, hukutana nazo, na sumu iitwayo sianidi hutoka. Ng'ombe yumo hatarini zaidi kuliko nguruwe, kwa sababu vijidudu wa tumbo lake la kwanza nao wana uwezo wa kuzivunja kemikali hizo, tena kwa haraka. Sianidi ikifika damuni huzizuia seli za mwili zisitumie oksijeni. Ndiyo maana mnyama aliyekula muhogo mchungu kwa pupa huhema kwa nguvu, hupepesuka, na huweza kufa kabla daktari wa mifugo hajawasha pikipiki yake, huku damu yake ikiwa nyekundu ya kung'aa.

Mwili haukuachwa bila kinga. Ini la ng'ombe na vijidudu wa tumboni mwake wana kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huiunganisha sianidi na salfa ikawa thaiosianeti, kitu chenye sumu ndogo mno kikilinganishwa na sianidi, ambacho hutolewa kwa njia ya mkojo. Kila gramu moja ya sianidi huhitaji takriban gramu 1.2 za salfa ili igeuzwe hivyo. Hapo ndipo salfa ilipoingia katika lishe ya muhogo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen nchini Thailand, nchi inayolima muhogo kwa wingi, wamefanya majaribio ya kuwalisha ng'ombe wa nyama mizizi mibichi pamoja na salfa. Ila thaiosianeti nayo ina deni lake: huzuia tezi ya shingo isichukue iodini ipasavyo, kwa hiyo mnyama anayelishwa muhogo kwa miezi anahitaji chumvi ya madini yenye iodini, hata kama salfa anaipata ya kutosha.

Hesabu ya dume mmoja

Tumchukue dume wa kilo 300, zebu wetu au chotara wa Sahiwal. Kwa siku hula chakula chenye uzito mkavu, yaani uzito uliobaki baada ya maji kuondolewa, wa karibu asilimia 2.5 ya uzito wake, ambao ni kilo 7.5. Tuseme kilo 3 kati ya hizo zitoke kwenye muhogo na kilo 4.5 kwenye nyasi. Kwa kuwa mzizi mbichi una karibu thuluthi moja tu ya uzito mkavu, kilo 3 hizo ni sawa na kilo 9 za muhogo uliotoka shambani.

Muhogo mtamu kwa kawaida huwa na sianidi isiyozidi miligramu 50 katika kila kilo ya mzizi mbichi, na ule mchungu huzidi miligramu 100. Kilo 9 za muhogo wa miligramu 50 zitampa dume huyu miligramu 450 kwa siku, yaani miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Kipimo kinachotajwa sana kuwa cha kuua ng'ombe ni karibu miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, zikiingia kwa mkupuo. Kwa hiyo hata muhogo mtamu, ukimwagwa horini wote kwa mara moja mbele ya mnyama mwenye njaa, unaukaribia mpaka huo kuliko wengi wanavyodhani, ilhali ukigawanywa mara tatu au nne kwa siku baada ya mnyama kula nyasi, mwili hupata muda wa kuishughulikia sumu hiyo. Muhogo wa miligramu 200 ungempa miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito wake. Huo mimi nisingeulisha mbichi kwa kiasi hicho, kuwe na salfa au kusiwe nayo.

Sasa tuitazame salfa. Kuigeuza miligramu 450 za sianidi kunahitaji gramu 0.54 tu za salfa, na hata ule muhogo mchungu wa miligramu 200 ungehitaji gramu 2 na kidogo. Mahitaji ya kila siku ya ng'ombe wa nyama, pasipo muhogo wowote, ni karibu asilimia 0.15 ya chakula chake kikavu, ambazo kwa dume wetu ni gramu 11. Muhogo wenyewe una salfa kidogo mno. Nyasi zilizokomaa zikiwa na asilimia 0.12, kilo 4.5 zitaleta gramu 5 na kitu. Pengo basi ni la gramu 6 hivi, na sehemu kubwa ya pengo hilo haitokani na sianidi: inatokana na kwamba chakula chenye muhogo mwingi ni chakula maskini wa salfa, na vijidudu wa tumboni wanaihitaji ili watengeneze protini. Anayenunua salfa kwa kuogopa sumu peke yake huishia ama kuipuuza anapotumia makopa, ama kuizidisha anapotumia muhogo mbichi.

Muhogo mbichi na salfa

Faida ya njia hii ni wepesi wake. Muhogo hung'olewa, huoshwa, hukatwakatwa vipande vidogo na kupewa ng'ombe siku hiyohiyo. Hakuna jua linalongojwa wala mifuko inayonunuliwa, na muhogo usiohitajika leo hubaki ardhini bila kuoza. Katika miezi ya Aprili na Mei, mvua inapokunya kila alasiri Kakamega na Busia, hii ndiyo njia ambayo mfugaji mwenye haraka huikimbilia.

Kasoro zake ni nzito zaidi. Kwanza, usalama wote umeegemea aina ya muhogo, na ulimi si kipimo cha kuaminika. Aina moja hubadilika sianidi kutoka shamba hadi shamba, na ukame huizidisha. Maganda nayo yana sianidi nyingi kuliko nyama ya mzizi, kwa hiyo anayewamenyea watoto muhogo wa kuchemsha na kuwatupia ng'ombe rundo la maganda mabichi anawapa sehemu iliyo mbaya kuliko zote. Pili, mzizi ukishang'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili au tatu, ukiwa na mistari ya bluu iliyoiva ndani, na hivyo kazi ya kung'oa haina siku ya mapumziko. Tatu, kwa njia hii salfa ni lazima iwe imechanganywa sawasawa ndani ya chakula cha ziada kila siku, si kunyunyizwa juu ya hori kwa kiganja. Salfa haimwokoi mnyama aliyekwisha kuzidiwa na dozi kubwa kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kuigeuza sianidi ni kazi inayokwenda hatua kwa hatua.

Mtu akishikilia njia hii, na atumie muhogo mtamu anaoujua shambani mwake, aanze na kilo 2 mbichi kwa siku, aongeze polepole kwa wiki tatu, na asimpe kamwe mnyama aliyelala na njaa.

Makopa na yurea

Hapa ndipo ninapoegemea, na sitaficha. Kukata mizizi vipande vidogo na kuianika juani kwa siku mbili au tatu hufanya kazi ambayo salfa ingefanya baadaye, na huifanya nje ya mwili wa mnyama. Linamarasi hupata muda wa kuzivunja zile kemikali na sianidi hupaa hewani. Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: ukaushaji wa haraka sana si bora zaidi. Kipande kikikauka upesi mno, kimeng'enya huishiwa na maji kabla ya kumaliza kazi yake, na sianidi hubaki imefungwa ndani. Jua la kawaida la Busia mwezi wa Januari, juu ya turubai au mwamba safi, vipande vikigeuzwa mara kadhaa, linatosha. Adui wa makopa ni unyevu: yakiwekwa ghalani kabla ya kushuka chini ya asilimia 14 ya maji huota kuvu, na kuvu huleta sumu iitwayo aflatoksini, ambayo salfa haina la kuifanya. Kopa lililokauka vizuri huvunjika kwa sauti; linalopinda lirudishwe juani.

Kilo 3 za muhogo mbichi hutoa karibu kilo 1 ya makopa. Kwa nguvu, yaani wanga, kilo hiyo iko karibu sana na kilo ya mahindi. Kwa protini haiko karibu hata kidogo: makopa yana asilimia 2 hadi 3, mahindi yana karibu asilimia 9. Anayelinganisha bei ya makopa na ya mahindi bila kuliona hilo anajidanganya. Ili kilo moja ya makopa isimame kweli mahali pa kilo moja ya mahindi, inabidi iongezwe karibu robo kilo ya mashudu ya alizeti yenye asilimia 25 ya protini, au gramu 23 hivi za yurea, kemikali yenye nitrojeni ambayo vijidudu wa tumboni huitumia kutengeneza protini.

Kwa dume wetu wa kilo 300, kilo 3 za makopa na kilo 4.5 za nyasi kavu za kawaida zitampa protini ya karibu asilimia 5 ya chakula chote, ilhali akitakiwa kuongeza uzito vizuri anahitaji karibu asilimia 11. Pengo ni kubwa, gramu 430 hivi za protini kwa siku. Yurea ya gramu 75 inaziba nusu yake, na chini kidogo ya kilo moja ya mashudu ya alizeti inaziba iliyobaki. Gramu 75 ndicho kiasi cha juu kwa mnyama wa uzito huo, asilimia 1 ya chakula chake kikavu, na hufikiwa baada ya wiki tatu za kuongeza kidogo kidogo. Yurea iliyolundikana mahali pamoja, au iliyoyeyuka katika maji ya mvua ndani ya hori, huua kama sianidi inavyoua.

Salfa hurudi hapa kwa mlango mwingine. Vijidudu wanaotengeneza protini kutokana na yurea huhitaji salfa gramu 1 kwa kila gramu 10 za nitrojeni. Gramu 75 za yurea zina nitrojeni gramu 34 na kidogo, kwa hiyo zinahitaji gramu 3.4 za salfa pamoja nazo. Pasipo salfa hiyo, sehemu ya yurea iliyolipiwa dukani hutoka kwa mkojo bila kuwa nyama. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzuri zaidi ya kununua salfa kwa ajili ya lishe ya muhogo, ingawa ndiyo inayotajwa kwa nadra.

Sileji

Sileji ya muhogo ni ya yule ambaye muhogo wake hukomaa mvua zinaponyesha. Mizizi hukatwakatwa, huchanganywa na kitu kikavu kama mabua yaliyosagwa kwa kuwa peke yake ina maji mengi, hushindiliwa katika mifuko ya plastiki au shimo mpaka hewa iishe, na hufungwa kwa wiki tatu au zaidi. Sianidi hupungua sana katika muda huo. Majani ya muhogo yaliyonyaushwa kwanza yanaweza kuongezwa, nayo huinua protini. Hasara yake ni kwamba mfuko ukitobolewa na panya, chakula chote kilichomo huoza, na kwa mwenye madume wawili kazi yake huwa kubwa kuliko faida.

Salfa ya aina gani

Unga wa manjano ambao wazee huuita kibiriti upele, kwa kuwa ulitumika kutibu upele, ni salfa tupu. Ni rahisi kuchanganya, lakini hauyeyuki katika maji, na mwili huufaidi kwa kiasi kidogo kuliko salfa iliyo katika chumvi za salfeti. Kuna jambo la kuangalia dukani: salfa nyingi katika maduka ya pembejeo ni ya kunyunyizia mimea dhidi ya ukungu, na imetiwa vitu vingine vya kuisaidia kushika majani. Hiyo si ya kulisha mifugo. Iombwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya chakula cha mifugo, na kama haipo, mtu aende kwenye salfeti.

Salfeti ya sodiamu isiyo na maji ina salfa asilimia 22.5, kwa hiyo gramu 27 zake hutoa gramu 6 za salfa. Salfeti ya amonia ina asilimia 24 pamoja na nitrojeni asilimia 21, jambo ambalo lingeifanya ionekane bora kuliko zote, ila ladha yake ng'ombe hawaipendi, na nitrojeni yake lazima ihesabiwe pamoja na ya yurea. Magadi, ambayo wafugaji wengi huyaweka bomani, hayachukui nafasi ya salfa: yale ni kaboneti za sodiamu.

Chanzo cha nne hakiuzwi kama salfa. Protini ya mashudu ya alizeti ina kwa wingi methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na methionini ina salfa ndani yake. Anayelisha mashudu badala ya kutegemea yurea peke yake amekwisha kuziba sehemu ya pengo bila kufungua pakiti yoyote ya madini. Omena, yaani dagaa wa ziwani, nayo ina methionini nyingi, lakini ni chakula cha watu na kuku, na bei yake katika soko la Kibuye, Kisumu, hairuhusu kumpa dume.

Molasi inahitaji tahadhari ya peke yake. Anayeishi karibu na viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil au Kibos huipata kwa urahisi na huimwaga juu ya mabua kwa ukarimu. Molasi ya miwa ina salfa si haba, na mara nyingi ndiyo inayombeba mtu kupita kiasi bila yeye kujua. Kiwango cha juu kinachokubalika ni asilimia 0.3 ya chakula kikavu iwapo chakula karibu chote ni nafaka au muhogo, na asilimia 0.5 iwapo nyasi ni nyingi. Kwa dume wetu, kuhesabu kwa usalama ni kutozidi gramu 22 kwa siku kutoka vyanzo vyote kwa pamoja: nyasi, molasi, madini, na hata maji ya kisima yenye chumvi. Salfa ikizidi hugeuka gesi tumboni, ile inayonuka kama mayai viza, na mnyama huivuta anapopiga mbweu. Ubongo wake huathirika: hupofuka, husukuma kichwa ukutani, huanguka na kutetemeka. Hata isipofikia hapo, salfa ya ziada huizuia shaba isifyonzwe, na ng'ombe mweusi huanza kuwa na manyoya ya rangi ya kutu. Kwa anayelisha molasi kila siku, mimi ningemshauri asinunue salfa kabisa mpaka ajue molasi yake inaleta kiasi gani.

Nani achukue ipi

Mkulima wa Teso, Nambale au Butula mwenye muhogo wake mwenyewe akaushe kuanzia Desemba hadi Februari, aweke makopa ya miezi mitatu, alishe pamoja na mashudu, yurea na salfa gramu 4 hadi 6 kwa kila dume, na muhogo mbichi autumie kama kiraka tu, kilo 3 au 4 kwa siku, makopa yanapokatika. Mwenye muhogo mchungu hana la kuchagua: akaushe au atie sileji.

Wa uwanda wa Nyando ana majani ya mpunga kutoka Ahero, ambayo yana protini ndogo kuliko hata nyasi kavu. Makopa yatampa nguvu, lakini pengo lake la protini ni pana zaidi, na kwa kuwa yurea haiwezi kuongezwa kupita ile gramu 75, nyongeza yote itatoka kwenye mashudu. Huyo apige hesabu ya mashudu kwanza, muhogo baadaye.

Kwa wa Nakuru, muhogo mbichi haumfai kabisa, kwa kuwa theluthi mbili za mzigo atakaolipia lori ni maji. Makopa yanaweza kumfaa ikiwa bei yake ikifika Rongai, pamoja na ile robo kilo ya mashudu kwa kila kilo, iko chini ya bei ya mahindi aliyovuna au anayoweza kununua kwa jirani. Baada ya mavuno ya mahindi hilo hutokea kwa nadra. Kuanzia Mei hadi Agosti, bei ya mahindi inapopanda, hesabu hiyo irudiwe, na gunia la kwanza la makopa livunjwe na kunuswa mbele ya muuzaji kabla ya mengine kushushwa.